Mikono Iliyompitisha Kabula

Mama Kabula, mke wangu,

Huku si kuzuri. Mimi mzima, mtoto mzima, lakini tunaogopa wote wawili. Nakuandikia wewe kwa sababu jambo lenyewe ulilianza wewe. Wengine wakisoma, wasome. Hasa wale waliokuwa pale uwanjani. Wanajijua.

Unakumbuka siku ya chatu?

Zilikuwa ngoma za mavuno, kule Usagara, kabla hatujahamia Igoma. Makundi mawili yanashindana, hili huku, lile kule, anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Mimi shabiki wa wacheza majembe. Wewe wa wacheza chatu. Nikakwambia, "Mama Kabula, nyoka huyo kalala, ana tofauti gani na kamba?" Ukanijibu mbele za watu, "Nimetoka nyumbani kulikimbia jembe, nije tena kulitazama likirushwa?" Wakacheka mpaka wacheza majembe wenyewe. Ukaenda upande wako na mtoto mgongoni.

Kabula alikuwa mdogo, ndiyo anaanza kuongea vizuri. Mara mtu akasema, chatu ameponyoka. Haikuwa kweli. Chatu alikuwa shingoni kwa mwenyewe, wala hana habari. Lakini neno likishaingia kwenye watu halirudi. Wakageuka wote kwa pamoja. Vumbi likafunga. Mimi nilikuwa ng'ambo, nilikuona kichwa tu. Ulikuwa umebanwa, huendi mbele wala nyuma. Ukamfungua mtoto mgongoni, ukamnyanyua juu kwa mikono miwili. Nikasikia sauti yako, "Mpelekeni ngomani."

Nikamwona mtoto wangu anapita juu ya vichwa. Mkono huu, mkono ule, kama karai la zege linavyopita kwa vibarua. Anatoka kwa mtu anaingia kwa mtu. Nilikuwa naita tu, na sauti haitoki.

Kwetu inajulikana. Mtoto akiinuliwa kwenye watu, anapelekwa kwenye ngoma kubwa. Hakuna anayeuliza wa nani. Mpiga ngoma hakimbii. Tulimkuta pale, kakaa na watoto wengine, anatafuna muwa. Viatu vyote viwili mguuni. Hata shanga zake kiunoni hazikukatika.

Nilikugombeza njia nzima. Unampaje mtoto mtu usiyemjua? Wewe ulikuwa unatembea tu. Tulipofika mlangoni ndipo ukasema, "Sikumpa mtu. Niliwapa watu."

Neno hilo sikulisahau. Ulipoondoka, siku ya kukuzika, vijana waligombania kukubeba. Jeneza lilitoka bega hili likaenda bega lile, mimi mumeo sikupata nafasi mpaka kaburini. Nikajisemea, amewapa watu, na watu wamempokea.

Kabula nilimsimulia habari ya chatu mara nyingi. Akiumwa, namsimulia. Akikulilia, namsimulia. Alikuwa ananikatisha, "Halafu mama akasema?" Namwambia, akasema ukibanwa na watu, inua mikono, watakupeleka. Hivyo ndivyo nilivyomalizia. Sikujua namfundisha nini.

Sasa sikia.

Kazi za zege zilikuwa zimepungua. Kuna bwana anaitwa Kipara, anafunga majukwaa ya muziki. Akatuchukua vibarua tukamfungie jukwaa la tamasha, uwanja wa huku Ilemela, karibu na ziwa. Tukabeba vyuma, tukapanga spika, tukafunga uzio wa chuma mbele ya jukwaa. Tulipomaliza akaniambia, "Mzee, una mikono ya kazi. Baki hapa kwenye uzio. Mtu akizimia, unamvuta anatoka."

Nikamuuliza, "Watu wanazimia kwenye muziki?"

Akacheka. "Utaona."

Kabula alikuja na rafiki yake wa saluni. Unajua anasuka sasa. Ana mkono mwepesi kama wako. Nilimwambia asimame kule pembeni kwenye mawe, asisogee katikati. Akasema, "Sawa baba." Na kweli alisimama kule. Niliona gauni lake la njano muda mrefu. Kila nikigeuka nalitafuta.

Jua lilikuwa bado juu ya maji walipoanza. Mama Kabula, mimi nimezaliwa kwenye ngoma, lakini watu wale sijawahi kuona. Wanarusha chupa. Nyingine zina maji, nyingine zina mkojo. Wamepanda juu ya spika, ukiwashusha wanakutukana matusi ya mama. Halafu wana mchezo wao. Wanarudi nyuma wote, wanaacha uwazi, halafu wanakuja kwa kasi wanagongana. Kwa makusudi. Anayeanguka wanamrekodi na simu.

Walioko mbele ndio wanakuja kuishia kwenye uzio. Chuma kinawakaa kifuani. Macho yanawatoka. Nilikuwa nawashika kwapani nawavuta upande wangu, nawalaza, nawamwagia maji. Wengi wasichana. Vijana wa nyuma wananizomea, "Mzee leo anavua sangara." Mara ya kwanza hata mimi nilicheka. Nikavuta binti mmoja mwembamba, hana hata pumzi. Mmoja akapiga kelele, "Huyo bado mdogo, mrudishe majini." Wakacheka wote. Yule binti alikuwa ananing'ang'ania shati hataki kuniachia. Blauzi yake ilikuwa imechanwa, na haikuchanwa na chuma. Hapo nikaacha kucheka.

Nikatazama kwenye mawe. Njano haipo.

Mwimbaji aliyekuwa anasubiriwa ndiyo kapanda jukwaani, na uwanja mzima umekimbilia mbele. Kwenye mawe hapakubaki mtu. Nikamkimbilia Kipara, nikamwambia, "Zima muziki. Watu wanakufa pale."

Akanishika mkono. "Mzee, nikizima, watatuua sisi."

Na alikuwa anasema kweli. Ndicho kilichonitisha. Mwenye jukwaa naye anawaogopa.

Yule wa kipaza sauti alikuwa anaita, "Mikono juu. Nataka kuona mikono juu." Wakainua wote. Uwanja mzima mikono. Nilisimama pale natafuta mkono mmoja kwenye mikono yote ile. Nilikuwa naita jina la mtoto wetu na spika iko nyuma yangu. Sijisikii hata mwenyewe. Ikawa kama siku ya chatu, ila safari hii wewe hupo upande wa pili.

Wakawa wanapitisha watu juu. Mmoja akaja, nikampokea. Wa pili akaja, nikampokea. Wa tatu alikuwa na shati kubwa la drafti, la kiume, nywele zimemfunika uso, mguu mmoja hauna kiatu. Nikamshika kwapani nikamvuta. Nikasema, "Haya binti, pumua."

Akasema, "Baba."

Sikumjua, Mama Kabula. Nilimshika mtoto wangu sikumjua.

Nilimvalisha koti langu juu ya lile shati, tukaondoka. Kipara aliita, sikugeuka. Nyumbani aliingia kuoga, akakaa huko mpaka maji yote ya ndoo yakaisha. Akaomba mengine. Alipotoka akakaa pale kwenye kigoda chako. Hereni moja haipo, sikio limechanika. Simu haipo. Lile gauni la njano alilikunja akalitia kwenye moto.

Ndipo akasema, "Baba, niliinua mikono."

Nikamuuliza, "Kwa nini?"

"Nilibanwa. Pumzi ikakata. Nikakumbuka mama. Nikainua mikono nikawaambia nipelekeni."

Nikachochea moto.

"Walinipeleka kweli," akasema. "Ila walikuwa wananishika. Kila anayenipokea ananishika. Wengine wanacheka. Mmoja anasema, pitisha na huku, na sisi tuonje."

Nilikaa naitazama mikono yangu.

Asubuhi nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Akaniuliza, "Unamshitaki nani, mzee wangu?" Nikasema, wale watu. Akasema, "Watu ni nani? Nipe jina." Sina jina. Nikarudi.

Toka siku hiyo nyumba imebadilika. Kabula haendi saluni. Wateja wanapiga simu kwangu, nawaambia anaumwa. Mlango anaufunga kwa komeo halafu anasukumia na jiwe lako la kusagia. Mtu akipita nyuma yake anaruka. Alikwenda sokoni mara moja, akafika kwenye nyanya, akaona watu, akarudi na kikapu kitupu.

Na mimi, mtu mzima, nimeingiwa na woga huo huo. Juzi tulikuwa tunamwaga zege. Karai linapita mkono kwa mkono kama siku zote. Mwenzangu akanipa, vidole vyake vikagusa vyangu, karai likaniponyoka. Zege lote chini. Fundi akauliza, "Mzee, umelewa asubuhi yote hii?" Nilikuwa naitazama mikono ya yule kijana, nawaza kama Jumamosi ile alikuwa kazini au alikuwa uwanjani.

Kanisani ndiyo balaa. Padri akasema tupeane amani. Mtu wa mbele akageuka na mkono wake, wa nyuma na wake, wanatabasamu. Majirani hao, nawajua, tunazikana nao. Nikawaza, na wewe ulikuwepo? Na wewe? Kabula alikuwa ameificha mikono yake ndani ya kitenge. Kibibi kimoja kikamwambia, "Mjukuu, amani." Akatoka nje.

Kwa hiyo nilikuwa na hasira na wewe. Nakwambia ukweli. Nilikaa naisemesha picha yako ya ukutani. Nikasema, uliniambia uliwapa watu. Watu gani? Wameisha? Au hata siku ile tulibahatika tu?

Halafu kuna lile shati.

Nilitaka kulichoma pamoja na gauni. Kabula akanikatalia. Akalitoa motoni kwa mkono, limeungua kidogo pindoni. Nikamuuliza la nini. Akalitia chini ya mto wake. Siku nyingi zikapita, halafu usiku wa mvua, tunakula ugali na dagaa, akasema mwenyewe.

"Lilikuwa linanuka dagaa hivi hivi."

Nikaacha kula.

"Nilikuwa juu, nimefumba macho. Gauni lilishachanika lote. Nikasikia mtu ananiingiza mkono kwenye nguo. Nikafikiri na huyu ni wale wale, nikampiga teke la uso. Nilisikia amelia. Akasema, 'Vaa dada. Vaa kwanza.' Akanivalisha na mkono wa pili. Halafu nikapita."

"Ulimwona?"

"Sikumwona."

Ni hayo tu aliyosema. Lakini mimi sikulala. Kwenye watu wote wale kulikuwa na mtu mmoja anabaki kifua wazi, pua inatoka damu, kapigwa na yule aliyemvalisha. Labda walikuwepo na wengine. Labda kuna waliopokea wakapitisha tu, kama inavyotakiwa, na Kabula hakuwahesabu kwa sababu mkono mwema hauumi. Sijui. Sitaki kujidanganya. Wale wabaya walikuwa wengi.

Sasa Kipara kaniita tena. Jumamosi hii, uwanja ule ule. Anasema safari hii uzio utakuwa mrefu na njia za kutokea zipo. Nilimwambia sitaki. Kabula alikuwa anasikia, yuko ndani.

Jana nimerudi kazini nikakuta shati limefuliwa, limeanikwa kwenye kamba. Penye kifungo kilichokatika ameshona kingine, kile cha kwenye blauzi yako ya bluu. Pale palipoungua ametia kiraka. Akaniambia, "Mpigie Kipara, mwambie tunakuja."

Nikasema, "Tunakuja na nani?"

"Mimi na wewe. Shati la watu lirudi. Tutalifunga kwenye uzio, mwenyewe atalijua."

Nikamwambia, Kabula, wewe sokoni tu umerudi na kikapu kitupu. Na yule mtu atakuja kweli, baada ya teke lile? Akasema hajui. Nikamwambia basi usimame nyuma yangu, karibu na jukwaa, mtu asikufikie.

"Nyuma yako nitafanya nini? Nitasimama pembeni yako, nivute. Msichana akitoka pale halafu akapokelewa na mwanaume tena, baba, hujui anavyosikia."

Kweli nilikuwa sijui. Nikamkumbuka yule binti mwembamba. Nilifikiri ananing'ang'ania. Labda alikuwa ananisukuma.

Anasema hivyo na mikono ameificha ndani ya kitenge, Mama Kabula. Mdomo ni wako kabisa, lakini mikono bado inajificha.

Nimempigia Kipara. Nimemwambia tunakuja wawili.

Naogopa kuliko siku ya chatu. Siku ile hakuna nyoka aliyeponyoka. Safari hii nimewaona kwa macho yangu, na bado nampeleka mtoto wako mbele yao. Shati liko mezani, limekunjwa. Yeye kalala, jiwe bado liko mlangoni. Kesho asubuhi inabidi tulisogeze ili tutoke.

Utuangalie.

Mumeo,
Baba Kabula