Siku Mama Aliponiita kwa Jina

Mama Mutheu wangu,

Nakusalimu wewe na watoto nikitumaini baridi ya huko Kilungu haijawazidi. Mtoto ananyonya vizuri? Kitovu kimekauka? Na mama yangu, bado anakujaza uji mpaka unaogopa kumwona akija na kikombe? Mvumilie tu, ndivyo anavyowapenda watu. Mimi huku Kitui mwili ni mzima. Mengine utayasoma, lakini tafadhali kaa chini kwanza, na mtoto umpe mtu amshike.

Ile habari niliyotuma kwa dereva wa lori la maembe, kwamba mama yako alipigwa teke na punda akaumia shavu kidogo, haikuwa yote. Mama yuko hai, niseme hilo kabla hujatupa barua. Nilijiambia nimefupisha kwa sababu ulikuwa umejifungua juzi tu, na mtoto mwenyewe amepewa jina la mama. Ukweli ni kwamba niliona haya. Hata sasa naandika nikitazama mlango, kana kwamba kuna mtu atakuja kusoma begani mwangu.

Ilikuwa hivi. Mama alitoka kuteka maji kule kwenye mchanga wa mto, Kanyangi, na wale punda wake wawili. Mtungi ukateleza mgongoni mwa mmoja, mama akainama kuukazia kamba, punda akashtuka akampiga teke la uso. Ndugu yako Musyoka akaomba pikapu ya mwenye duka, wakamleta hapa kwetu hospitalini mchana. Na nani alikuwa zamu ya kupokea wagonjwa wa dharura? Ni mimi.

Nilimjua kwa leso kabla sijauona uso. Upande wa kushoto ulikuwa umevimba wote, jicho limefungika, na mfupa wa shavu umebonyea ndani. Wewe unajua mimi na mama yako tumeishi vipi miaka hii yote, kwa heshima ya ukwe. Akiniona njia ya sokoni anaingia kwenye majani mpaka nipite. Akitaka kunisalimu anapitia kwako. Jina langu hajawahi kulitamka, mimi ni baba Mutheu au yule mtu wa Kilungu. Sasa yuko hapo kwenye machela, kichwa wazi, na mimi nimeshika pamba. Nikamwita sista aje amsafishe damu. Mimi nikasimama nyuma ya pazia, nikijifanya natafuta bandeji.

Hapo ndipo mama akainua kichwa, akanitazama na lile jicho zima. Akasema kwa Kikamba, kwa sauti ya mtu anayeuza kuku, "Mutua! Njoo karibu nikuone. Kumbe una mvi. Unajificha nini, umeiba?"

Wagonjwa kwenye benchi wakacheka. Musyoka akainamisha uso akatazama viatu vyake. Na mimi, mama Mutheu, nilisikia jasho likinishuka mpaka kwenye soksi. Afadhali ningepigwa teke mimi.

Daktari wetu ni kijana mwema, lakini kwao ni mbali na Kikamba hajui. Akauliza, "Anasemaje?"

"Ananiita tu, daktari. Ni mama mkwe wangu."

"Ooh, kwa hivyo anakujua, na jina lako analijua. Basi kichwa kiko sawa." Alikuwa amefurahi. Halafu akaniuliza vizuri, akinitazama, "Hivi ndivyo anavyoongea siku zote?"

Nikasema, "Ndiyo, daktari."

Ndiyo, daktari. Maneno mawili tu. Nilikuwa nataka yaishe, nitoke pale. Ningeanzaje kumweleza mgeni, mbele ya benchi zima, kwamba mama huyu hata kivuli changu anakikwepa? Nikaenda chumba cha nyuma kuchemsha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshachemshwa asubuhi.

Na kibaya zaidi ni kwamba nilijua. Chuoni tulifundishwa, na mimi mwenyewe nimewaambia wanafunzi wanaokuja hapa, mtu akivunjika mifupa ya uso usishikwe na ile damu ya uso ukasahau ubongo ulio nyuma yake. Uliza kama alizimia. Uliza kama ametapika, kama tabia yake imebadilika. Hilo la tabia daktari hawezi kulijua peke yake, lazima aambiwe na mtu wa nyumbani. Mtu wa nyumbani nilikuwa mimi, na nilikuwa nimejificha na sufuria la maji ya moto.

Musyoka ndiye aliyenifuata. "Mama amelala," akasema, "lakini anakoroma vibaya, na nikimwita haitiki." Nikakimbia. Hapo haya zote ziliniisha, sijui zilikwenda wapi. Nilimfungua macho kwa vidole vyangu mwenyewe, hata lile lililovimba, nikamulika tochi. Mboni moja ilikuwa ndogo kama kawaida. Nyingine ilikuwa kubwa, na mwanga haikuujali. Nikamwita daktari kwa sauti ambayo mtu haitumii hospitalini.

Daktari wa upasuaji alipatikana, ashukuriwe Mungu, hakuwa amesafiri. Wakamtoboa fuvu tundu dogo, damu iliyokuwa inaukandamiza ubongo ikatoka. Yule daktari kijana alipotoka chumba cha upasuaji nilimweleza yote, habari ya ukwe na ya ile "ndiyo" yangu. Hakunifokea. Alivua glavu polepole akasema, "Mimi nisingeweza kujua, Mutua. Wewe ulijua." Akaenda kunywa chai. Heri angenifokea.

Siku zilizofuata mama alifungua macho, lakini hakuwa mama yako. Alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Nikipita wodini ananiita, "Mutua, leta uji." Masista hakuwataka, alinitaka mimi, na asipolishwa na mimi hali. Nikamlisha. Kijiko kwa kijiko, mama Mutheu, nikitazama ukuta. Ananishika mkono, ananiambia nimekonda, ananiuliza kama unanipikia. Wauguzi wenzangu wakawa wananiambia nina bahati kupata mkwe anayenipenda hivyo. Nacheka nao, halafu naenda kulia chooni. Kila akitamka jina langu nilikuwa nasikia ile "ndiyo, daktari" yangu. Nilidhani atabaki hivyo, na nilikuwa nafikiria nitakuandikia nini. Nikuambie mama yako amepona lakini si yule unayemjua, na ni mimi nilimwacha akapotea?

Niliiachia barua hapo juu, Musyoka akaja kuniita. Sasa ni jioni, nimerudi chumbani.

Nilikwenda na bakuli la uji kama kawaida. Nilipofika tu mlangoni mama akageuka, akaniona. Halafu akashika shuka kwa mikono miwili, akaivuta haraka akafunika kichwa chote na uso, akageukia ukutani. Nikasikia chini ya shuka anamwambia Musyoka kwa sauti ya chini, sauti yake mwenyewe, "Mwambie huyo mtu wa Kilungu asiingie. Niko hivi."

Nilirudi nyuma nikaweka bakuli sakafuni, nikaegemea ukuta wa nje. Ndiyo heshima kubwa niliyowahi kupewa na mama yako, na sikuistahili.

Musyoka anasema mama amemuuliza kitu kimoja tu: siku zote hizi ni nani aliyekuwa akimlisha? Musyoka amemjibu ni masista.

Sasa njoo, hata na mtoto, mfunge vizuri kifuani. Mimi siwezi tena kuingia kule, na anahitaji mtu wa kumshika mkono akijifunza kutembea. Mwonyeshe huyo mwenye jina lake. Nisalimie mama yangu, mwambie akupe nauli kwenye ile pesa ya mbaazi, bila hotuba. Mwambie Mutheu baba yake anamkumbuka. Mpe salamu mchungaji wetu, mwambie asituombee kwa sauti kanisani mpaka nirudi nimweleze mwenyewe.

Na wewe, ukitaka kunigombeza, nigombeze, nitasimama nikusikilize. Lakini mama usimwambie. Usimwambie ni nani alimfungua macho, wala nani alishika kijiko. Yeye aamini ni masista. Haya hizi niachie mimi.

Ni mimi mume wako,
Mutua