Kwa Nini Niliezua Nyumba ya Ildefonsi

Namswea,
Wilaya ya Mbinga.
17 Machi, 1996.

Mpendwa kaka Damiano,

Shikamoo. Habari za huko Tanga? Wifi Emiliana na watoto hawajambo? Na mguu wako, umepona? Sisi tunaendelea, Mungu anasaidia. Mama bado anakohoa, ila sasa anamaliza ugali wake. Mahindi yamebeba vizuri.

Najua rafiki yako Ildefonsi amekwisha kukuandikia kunilalamikia. Basi sikia na la kwangu, maana nyumba yake nimeiezua kweli, na sikutumwa na mtu.

Septemba, tulipouza kahawa kwa wale wanunuzi binafsi, nilikwenda dukani kwake Kitai. Akaniambia nilipie mabati thelathini siku ileile kabla bei haijapanda. Lori liko Songea, wiki mbili litafika. Nililipa kwa sababu ulisoma naye. Nilipodai stakabadhi alicheka, lakini aliandika na kutia sahihi.

Wiki ya pili akatuma ujumbe tuondoe nyasi za paa letu, mzigo uko njiani. Tukaezua. Mzigo haukuja. Mvua za Desemba zikatukuta hivyo, ukuta wa chumba cha Mama ukameguka, akahamia jikoni kwenye moshi. Ndiko kifua kilikoanzia.

Kitai nilikwenda mara tano. Mara lori limeharibika, mara mwenyewe kasafiri. Mara ya tano nikaona nyumba yake mpya nyuma ya duka imeezekwa, inang'aa.

Wewe Januari uliniandikia nimsamehe, ni mtu wa kwetu. Kaka, huyo mlikuwa mkitoka shule anakula kwenye sahani ya Mama!

Nikamshtaki kwenye baraza la kata. Alikuja na fedha mkononi.

"Tadea, chukua fedha zako zote, tusiaibishane."

"Leo zinanunua mabati mangapi dukani kwako?"

Mwenyekiti akalirudia swali.

"Kumi na tisa," akasema.

Wazee wakaisoma stakabadhi, wakaamua anipe thelathini kama alivyoandika, ndani ya siku saba. Akaapa hana hata bati moja.

Nikasema, "Unayo. Unalala chini yake."

Siku saba zilipokwisha bila kitu, nilikwenda na mafundi wawili na mgambo wa kata. Mawingu yalikuwa yameshuka. Mkewe Beata, huku akitoa magodoro, aliniomba nisubiri mvua ipite. Nikamwambia mama yangu hakuna aliyemsubiria. Nilisimama uani nikihesabu kwa sauti mpaka thelathini, yaliyobaki sikuyagusa. Mvua ilianza tukiwa tunapakia. Nilifurahi, kaka. Sikufichi.

Juzi Beata alikuja gulioni, kwenye maharage yangu, mtoto mgongoni. Alitaka visado viwili. Nikamwambia alipe kwanza. Akalipa. Nikazifunga fedha kwenye kitenge, nikawahudumia wengine wote waliokuja nyuma yake, naye amesimama juani. Halafu nikampimia, kamili, na nyongeza juu. Hakuniangalia usoni. Najua unatumaini nitasema roho iliniuma. Haikuniuma.

Mama anakusalimu, na baba mdogo Raimundi, na shangazi Kunigunda anayeuliza utakuja lini. Mbusu mtoto mdogo kwa ajili yangu. Bikira Maria awafunike nyote kwa vazi lake.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Tadea