Mapendo Hayakuonekana kwa Grafike

Goma, kartie Mapendo

Mama yangu mupenzi,

Ninakusalimia kwa roho yote. Mugongo wako unaendelea namna gani? Na papa, kikohozi kimepungua? Huku tuko wazima. Baraka ameota meno na ananiuma wakati wa kunyonya, halafu anacheka.

Mama, kuko jambo limenikaa rohoni. Unamukumbuka Mama Gloire, jirani yangu, yule tunapokezana kubeba watoto? Parokia ilitafuta mama wa kufundisha wamama vijana Biblia. Tulibaki sisi wawili, kila mumoja aonyeshe neno moja mbele ya wamama, halafu wachague. Parokia iko na ordinateri, ile kompyuta, yenye Biblia ndani: unaandika neno, inachora grafike kwa ukuta, vijiti virefu pale neno liko mingi, vifupi pale liko kidogo. Mimi nilichagua neno mapendo. Tukajaribu pamoja, vijiti vikasimama kama mahindi. Nikafurahi mupaka nikamukumbatia.

Kesho yake, mbele ya wamama, yeye ndiye aliwasha masini. Nikaandika mapendo. Tupu! Hata kijiti kimoja. Mama mumoja akapiga kelele:

"Mama Baraka, unakaa mutaa wa Mapendo na Biblia yako haina mapendo?"

Wakacheka wote. Nikaandika tena. Tupu. Mama Gloire akasimama pole pole: "Mutusamehe, wamama. Biblia hii wanaandika upendo." Akaandika, vijiti vikajaa ukuta. Kazi wakamupa yeye.

Njiani nikamuuliza: "Lakini jana si tuliliona?"

"Jana ilikuwa Biblia ya Kiswahili chetu. Leo niliweka ile ya pwani."

"Na haukuniambia?"

"Si wewe ulitaka kufundisha? Mwalimu anajua."

Mama, wakati anasema vile, Baraka wangu alikuwa amelala kwa mugongo wake.

Juzi alikuja kuomba moto. Nikamupa makaa, lakini sikumuuliza mutoto wake Gloire ameamka namna gani. Kule kukosa kuuliza kunaniuma kuliko kicheko cha wamama. Uniombee, ninatumaini siku moja nitauliza. Tena wamama wengine wanataka tusome kwangu, kwa Biblia ile ulinipatia wakati wa ndoa. Ndani yake neno liko, nimeliona tena leo.

Unisalimie papa, dada mukubwa na maharagwe yake sokoni, na shangazi mushonaji.

Mutoto wako mwenye mapendo, ninaliandika vile tunalisema nyumbani,

Kavira, Mama Baraka