Mlango wa Kushoto

Kahororo, Bukoba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ya Mama umfikishie wewe mwenyewe, umwambie imetoka kwa mwanawe aliye mbali. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Mbinga? Kahawa mmemaliza kuchuma, au bado mnahangaika kutafuta vibarua? Sisi huku tunapumua. Shuleni naingia kila siku, na mwilini sina ugonjwa wa kuutaja. Ya moyoni ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Mara ya mwisho nilikuandikia tu kwamba mama mkwe wangu amefariki kwa ajali ya gari. Sikukwambia nani alikuwa anaendesha. Alikuwa mume wangu, Projestus.

Mama yake, ambaye sote tulimwita Mae kama Wahaya wanavyomwita mama, alikuwa na mtoto wa jicho. Projestus alikwenda kumchukua kwao Ngenge, kule Muleba, amlete hospitali hapa mjini. Walipokaribia Kanazi mvua ikawakuta. Gari liliteleza kwenye kona likajigonga ubavu kwenye mti, upande wa kushoto, ndiko alikokaa Mae. Projestus hakuchubuka hata kidole. Mae aliishi siku mbili, akafa.

Tulimzika kwenye kibanja chao, katikati ya migomba. Kaka yake Projestus na dada yao mkubwa, Evodia, hawakumpa mkono siku ile, wala hawajampigia simu tangu hapo.

Gari likavutwa hadi nyuma ya nyumba yetu. Ni ile Corolla ya buluu uliyoiona kwenye picha za harusi. Mlango wa mbele ulikuwa umekunjwa, na nguzo iliyo kati ya milango imeingia ndani. Nilimwita fundi wa bodi mwenye gereji kule mjini, mtu mzima anayeitwa Elizeus. Alilizunguka mara mbili, akachuchumaa, akachungulia chini.

"Mwalimu, linatengenezeka," akaniambia. "Mlango tutafute mwingine. Nguzo hii inataka kuvutwa na mashine. Nipeni wiki tatu, na rangi nitapiga mimi mwenyewe."

Projestus alikuwa amesimama kizingitini. "Nitalitengeneza mwenyewe," akasema.

Fundi akatabasamu, akidhani ni utani, akamjibu kwa heshima ya Kihaya. "Waitu, wewe ni afisa kilimo. Wewe tuachie migomba yetu uitibu. Bati likipigwa ovyo linatanuka, na likishatanuka halirudi."

"Niazime nyundo tu."

Jioni ile nilimbembeleza. Nilimwambia, mpe fundi, au tuliuze hivyo hivyo lilivyo, liondoke machoni petu. Alinijibu taratibu: "Stella, mimi ndiye niliyelibonda. Akilinyoosha mtu mwingine, mimi nitakuwa nimefanya nini?" Baba, hata leo sijui ningemjibu nini.

Basi kila akirudi kazini alivaa ovaroli akaingia nyuma ya nyumba. Alijifunza kwenye simu, anatazama mtu akifanya, anasimamisha, anajaribu. Bati lilitanuka kama fundi alivyosema, likavimba mahali pasipokuwa na uvimbe. Akalijaza puti, ile lipu ya kuzibia mabonde ya bati. Puti ilipokauka akaisugua kwa msasa mpaka vidole vikatoka damu, kisha jua likaipasua, akaibandua yote akaanza upya. Rangi ya kwanza aliyopuliza ilichuruzika. Ya pili ilivamiwa na wadudu wadogo wa ziwani, wakagandia humo kwa mamia. Majirani waliokuwa wanakuja kumpa pole wakaacha kuja, maana hakuwa anainua kichwa.

Wakati huo nikaja kuelewa alichokuwa anakitaka. Ilikuwa imebaki miezi michache tuweke msalaba juu ya kaburi la Mae. Projestus alitaka afike Ngenge na gari lile likiwa zima, ndugu zake walione, wajue kwamba hakuichukulia ajali ile kama jambo la kupita. Hakuwahi kunitamkia hivyo. Lakini siku moja nilimsikia akifanya mazoezi peke yake, anaongea na mlango wa gari: "Dada Evodia, nimekuja. Nimelitengeneza kwa mikono yangu."

Mara ya tatu rangi ilikaa. Ukiwa karibu ungeona buluu mbili tofauti, na mlango ulikuwa haufungi mpaka uusukume kwa nyonga. Lakini kwa mtu aliye mbali kidogo lilikuwa gari zima. Siku hiyo alikula chakula chote nilichompakulia, nami nikaanza kuamini kwamba labda yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na mimi na fundi tulikosea.

Tulikwenda. Alipita Kanazi polepole sana. Muleba mjini tukanunua mishumaa. Tulipofika Ngenge watu walikuwa wameshakusanyika, padri yupo, msalaba umeegemezwa ukutani. Evodia alitoka ndani. Hakutusalimu. Aliliendea gari moja kwa moja, akauwekea kiganja ule mlango wa kushoto, akaupapasa kutoka juu mpaka chini.

"Umelipaka rangi," akasema.

"Ndiyo, dada. Kwa mikono yangu. Sikumpa fundi."

"Umelipendezesha." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mahali palipomuua Mae umepafuta, Projestus. Umepapaka rangi pang'ae, ili uendelee kulitembelea."

Kaka yake Projestus akaja, akamwambia kwa Kihaya asiingie kibanjani siku ile, asije akavuruga ibada. Hakubisha. Alibaki barabarani na suti yake. Mimi niliingia, nikasimama kaburini, nikawasha mishumaa yote miwili, wa kwangu na wa kwake. Nilipogeuka kumtazama alikuwa ametugeuzia mgongo, anatazama upande mwingine.

Nimelifikiria sana jambo hili, Baba. Angempa fundi, wangesema amewalipa watu wamwondolee aibu. Angeliacha limebondeka, wangesema hajali. Nilidhani kulikuwa na njia mbili na kwamba yeye alichagua mbaya. Sasa naona hakukuwa na njia hata moja.

Tangu turudi hashiki nyundo. Juzi Elizeus alipita, akaona puti imeanza kupasuka tena pembeni ya mlango na maji yanaingia. Akasema, "Nipe nilimalizie. Sitaki chochote, waitu, nakuonea huruma tu." Projestus akamjibu, "Liache lioze," akaingia ndani. Anakwenda kazini, anarudi, anaoga, analala. Hapigi kelele, hanywi, hanikosei. Ningekuwa na la kumlaumu ningepata nafuu.

Mlituomba tuje Krismasi. Hatutakuja. Yeye hataki safari yoyote, nami siwezi kumwacha.

Nisalimie kaka Festo anayewatunzia shamba, na mkewe aliyejifungua. Msalimie shangazi Kolumba aliyenilea nilipokuwa nasoma. Mwambie kitenge alichonipa nilikivaa msibani. Mjomba Zenoni, katekista, aniombee, na amtaje Projestus kwa jina.

Nakuomba jambo moja, Baba. Usimpigie simu. Akiona namba yako atapokea haraka, atakuamkia vizuri, atakuuliza habari za kahawa, atakwambia tunaendelea salama. Nawe utamwamini, kama mimi nilivyomwamini siku ile rangi ilipokaa.

Ni mimi binti yako anayekukumbuka kila siku,

Stella