Trekta Mikononi mwa Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Trekta langu la kukatia nyasi limenigomea tena. Asubuhi linakwenda kama halina neno, likishapata joto tu, basi. Leo limekwama katikati ya kiwanja cha shule — injini inanguruma, magurudumu yametulia tuli! Nimekanyaga pedali mpaka goti likauma. Halina gia wala klachi hili. Pampu inasukuma oili, oili inasukuma magurudumu. Sasa pampu imechoka. Hata mimi nimechoka.

Mkuu wa shule kaja na lile tabasamu lake. Eti Jumatatu ijayo wana michezo, nyasi zisipokatwa kuna bwana mmoja ana mashine mpya, kapiga simu mwenyewe kuomba kazi. Kapiga mwenyewe! Nani kampa namba? Shule ndiyo inayoniweka mjini. Ikiondoka, nitabaki na ua wa zahanati na makaburi, na wafu hawana haraka ya kukatiwa nyasi.

Jumanne, 5 Machi

Mafundi wawili wamekataa hata kuinama kulitazama. Wa kwanza kasema vipuri vyake havitengenezwi tena. Wa pili kanishauri niliuze kwa kilo. Nimemwangalia sana huyo wa pili. Alikuwa analizunguka kama mchinjaji anayekagua ng'ombe.

Binti yangu anasema yuko mtu mmoja tu anayeijua pampu hii. Kama vile sijui! Ni baba yake mdogo, shemeji yangu. Yeye na marehemu mume wangu ndio waliolitoa trekta hili kwenye vyuma chakavu wakalifufua. Baada ya mazishi akalitaka. Nikakataa, tena nikamtolea maneno ambayo hata leo siyaandiki. Miaka sita sasa ni salamu tu, za mbali kwa mbali. Kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimempigia. Kajibu, "Nakuja kesho, shemeji." Hakuuliza kitu. Kwa nini hakuuliza?

Jumatano, 6 Machi

Kaja mapema na boksi lake la spana. Lina kufuli. Mtu mwema anafungia spana za nini?

Kafungua pampu uani, taratibu. Ndani mna vipistoni tisa, kila kimoja kama kidole gumba, vinang'aa. Kavipanga juu ya gazeti. Vina mikwaruzo, kasema, na ile sahani vinayoteleza juu yake imelika, ndiyo maana oili ikipata joto inapenya na nguvu inapotea. "Inatengenezeka?" Kasema tutaona. Tutaona! Neno la watu wanaotaka kukuambia kesho kwamba imekufa, wakusaidie kuibeba.

Watu wote wanajua mafundi wanavyobadilisha vitu. Unapeleka kizima, unarudishiwa kibovu. Basi alipokwenda kunawa nikachukua rangi ya kucha ya binti yangu, nikaweka nukta nyekundu kwenye kila pistoni. Tisa. Nitakujua tu, bwana.

Alhamisi, 7 Machi

Aibu! Aibu ya karne!

Asubuhi kaomba kipande cha kioo kilichonyooka. Nikamuuliza, cha nini, unataka kujipamba? Kumbe anaweka msasa laini juu ya kioo, anamwagia oili, anaisugua ile sahani kwa kuizungusha mpaka mikwaruzo ife. Saa tatu nzima anasugua. Nikachungulia gazetini. Pistoni tisa zipo. Nukta hakuna hata moja!

Damu ikanipanda. Nikamwambia mbele ya jirani, mwizi wewe, vya kwangu umepeleka wapi? Akasimamisha mkono, akajifuta, akaenda kukaa kwenye ndoo iliyofudikizwa.

Binti yangu akatoka na sindano yake ya cherehani mdomoni. Akauliza nukta gani. Nikamwambia. Akashika kiuno. "Mama, mimi rangi ya kucha naitoa na nini? Baba mdogo kaviosha vyote kwa thina hiyohiyo tangu asubuhi!" Jirani akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Shemeji hakucheka. Karudi kusugua. Sikumwomba radhi. Nilimpelekea chai, nikaiweka karibu naye, nikaondoka.

Ijumaa, 8 Machi

Sili mpya, zile pete za mpira za kuzuia oili, zimepatikana, kaziokota kwenye duka la vifaa vya majembe ya kukokotwa, vipimo vinalingana. Springi pia. Kazi inakwenda. Ningepumua, ila mchana nimesikia jambo.

Nilikuwa naanua nguo. Shemeji na binti yangu nyuma ya banda. Binti kasema jambo kwa sauti ya chini. Yeye kamjibu, mama yako usimwambie. Binti kaitika, sawa, baba mdogo.

Sawa nini? Nisiambiwe nini? Damu yangu mwenyewe inapanga na yule! Chakula cha jioni sikukigusa. Binti kaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, nina macho tu.

Jumamosi, 9 Machi

Leo boksi halikufungwa. Kaenda kununua oili, kufuli linaning'inia. Nikasema Mungu kanifungulia mlango.

Nikapekua. Spana. Bisibisi. Matambara. Chini kabisa, gazeti limefungwa vizuri. Haya, nimekukamata!

Nikafungua. Ni filta yetu ya zamani ya kuchujia oili. Imeziba kwa nyuzi, nyuzi za bluu, mafundo mafundo. Nikavuta mmoja kwa kucha. Nikazijua palepale.

Mwaka jana mfuniko wa tangi la oili ulivunjika. Nikaziba kwa kitambaa changu cha jikoni, cha bluu. Wiki moja tu, nikasema. Ikawa mwaka. Kikasagika humo ndani kidogo kidogo, kikaziba filta, pampu ikakosa oili, vyuma vikalana. Trekta hakuna aliyelichezea. Ni mimi. Mkono wangu mwenyewe.

Ndicho walichonificha. Nimelifunga gazeti kama lilivyokuwa, mikunjo ileile.

Jumapili, 10 Machi

Injini inanguruma uani tangu saa tatu. Lazima oili ishike moto kwanza, ndipo tulipandishe mteremko wa nyuma ya nyumba. Likipanda likiwa la moto, limepona, na kesho alfajiri niko kiwanjani. Lisipopanda, shule imekwenda. Naandika huku nasubiri.

Tangi lina mfuniko mpya. Kaufunga bila kutaja.

Sikulala vizuri. Mtu akikuibia, la kufanya unalijua. Huyu kanisitiri. Anataka nini? Labda anangoja siku ya kunisimanga mbele ya ukoo. Labda atalidai trekta tena, na safari hii nitakosa mdomo wa kukataa. Labda hataki kitu. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Sijamwambia kwamba nimeona. Naona haya.

Kasema niendeshe mimi, mguu wangu ndio unaoijua pedali ile. Yeye kasimama nyuma, chini ya mteremko, jiwe mikononi, tayari kuzuia gurudumu. Pampu ikishindwa, trekta lote litamrudia yeye! Nimefungua dirisha la chumbani nikamwambia atoke hapo, akipondwa watasema ni mimi.

"Wewe panda tu, shemeji. Mimi nakuamini."

Mimi! Nimemtazama usoni nikitafuta uongo, kazi niliyoizoea. Sikuuona. Nikatafuta tena.

Ananiita mara ya tatu. Breki ile ni nzito, na yule mtu nimemwambia asogee, hataki kusogea — basi, naweka kalamu, naenda kupanda.