Kamera Jikoni Mwangu

Blacktown, Sydney
15 Juni 2025

Mpendwa Dada Jemeli,

Habari za nyumbani? Goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi za kanisa? Sisi tu wazima, ila baridi imeanza kututafuna.

Dada, nakuuliza bila kuzunguka: wewe ndiwe uliyemtuma mwanao Jepchumba anichunguze? Ulinilaumu kwenye simu kwamba uuguzi unanifanya nimwache peke yake. Haukupita muda nikaanza kukuta kamera jikoni, imeelekezwa mezani, inarekodi. Nilipomuuliza akajibu, "Ni ya shule, Aunty. Just leave it."

Shule gani hiyo! Akanionyesha video ambazo mwalimu wao anazisifu, za zamani, hata wewe ulikuwa hujazaliwa. Mtu anazunguka chumba kitupu, hasemi neno, kamera haisogei hata kidogo. Eti hiyo ndiyo sanaa, wazo ndilo kazi yenyewe. Nikasema moyoni, huyu ananiona mjinga. Nilikasirika hata nikamtafutia chumba mtaa wa Lidcombe kwa mama mmoja wa kanisani, ahame nipumue.

Jana akanialika kwenye maonyesho yao. Nilikwenda kutafuta ushahidi, sikufichi. Nikakuta televisheni ya kizamani sakafuni, na ndani yake jiko langu! Mezani kikombe cha chai, kile chenye maua ulichonipa nilipoondoka. Mvuke unapungua, unaisha. Haji mtu. Wazungu wamesimama wanatazama, nami nangoja aibu yangu itokee.

Nikatokea kweli, na sare yangu ya kazi. Nikakiona kikombe, nikachukua kisahani nikakifunika, kama tunavyomfunikia mtu aliyechelewa, nikaenda zangu. Wala sikumbuki kufanya hivyo.

Jepchumba akaninong'oneza, "Hiyo chai ni ya Mum. Sikupanga uingie kwenye video, but I kept it."

Nililia mbele za watu, Dada. Wamekunyima viza tena na tena, na mtoto anakumiminia chai.

Chumba cha Lidcombe nimekikataa. Lakini bado niambie, hukumtuma?

Nisalimie Shemeji Kiplimo na Mama Kimoi. Mungu akulinde, akufungulie njia ya kuja huku. Kile kisahani nitakiondoa kwa mkono wangu siku utakapoketi mezani.

Mdogo wako akupendaye hata akikushuku,
Chelagat