Salamu za Idi Huko Baqii

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimepiga pasi ihramu ya mume wangu, Rashidi. Shuka mbili nyeupe, hazina mshono. Mimi fundi, sina cha kushona. Keshokutwa anaondoka kwenda Umra na watu wa msikiti wa mtaa wa Turffontein. Mfadhili amelipia. Wateja wangu wa Yeoville wasubiri.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimemwambia tukila. "Baba Idi, ukifika Madina, nenda makaburi ya Baqii, umwombee mtoto wetu." Ameacha chakula, ametoka nje. Hapa ugenini wote humwita Baba Shamimu, kwa binti yetu aliyezaliwa hapa. Idi alikufa kwa homa tukiikimbia Burundi, hata miaka miwili hajatimiza. Rashidi alimchimbia kaburi kando ya njia, tukaendelea kutembea. Hatukuacha jiwe wala jina. Tangu siku hiyo hajamtaja. Nina hasira naye.

Ijumaa, 10 Oktoba
Wamefika Makka. Picha ya Kaaba, na neno moja: Alhamdulillahi. Nimelia kwa furaha. Kisha hasira ikarudi.

Mama Furaha, Mkongo tunayeshona naye chumba kimoja, ameuliza Baqii ni nini. Nimemwambia ndiko walikozikwa masahaba, wake wa Mtume, na Ibrahimu, mwanawe aliyekufa bado ananyonya. Mtume mwenyewe alimlilia.

"Basi anaujua uchungu wako, Mama Shamimu," amesema. Jumapili atamwombea Idi kanisani kwake.

Jumatatu, 13 Oktoba
Wako Madina tangu jana. Rashidi hapokei simu. Eish. Nimekata kola vibaya, kitambaa cha watu. Naogopa nimemuumiza.

Jumatano, 15 Oktoba
Amepiga asubuhi.

"Mama Idi, hayana majina."

"Nini?"

"Makaburi. Udongo na mawe tu. Hata la mtoto wa Mtume. Mzee mmoja alinionyesha upande lilipo. Nikatoa salamu. Nikamtaja Idi."

Miaka yote nimeona aibu kwamba tulimwacha mwanangu bila alama, kama kitu kilichodondoka. Leo imepungua. Haijaisha.

Jumapili, 19 Oktoba
Rashidi amerudi. Mvua nje, chai mezani. Anamsimulia Shamimu habari za kaka yake, kwa Kiswahili cha polepole ili aelewe. Kwamba Idi alipenda kumvuta ndevu, kisha anacheka mpaka anapata kwikwi. Hilo nilikuwa nimelisahau. Nimekaa, nasikiliza.